Hodi na Barua: Kimya katika Gumzo la Maandishi baina ya Mwanafunzi na Msimamizi wa Tasnifu

Uhakiki wa ushairi wa Kiswahili umezoea kuhesabu. Tangu Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka wa 1954, mwanafunzi wa fasihi hufundishwa kuhesabu mishororo katika ubeti, vipande katika mshororo na mizani katika kipande: nane katika ukwapi na nane katika utao. Kinachohesabiwa ni sauti. Pumziko lililo baina ya ukwapi na utao, ambalo mghani hulitolea pumzi yake na msikilizaji hulitambua bila kuelezwa, halina tarakimu katika hesabu hiyo. Huonyeshwa kwa mkato, kisha likasahauliwa. Hata ule mgogoro mkali wa miaka ya 1970 kuhusu mashairi huru ulihusu sauti: kama zihesabiwe au zisihesabiwe. Kimya hakikuwa na wakili upande wowote.

Makala haya yanakichukua kimya hicho na kukichunguza mahali ambapo mhakiki hajazoea kukitafuta, yaani katika gumzo la maandishi ya simu baina ya mwanafunzi wa uzamili au uzamifu na msimamizi wa tasnifu yake. Gumzo la aina hii lilikuwapo kabla ya Machi 2020, lakini vyuo vikuu vya Kenya vilipofungwa mwezi huo kwa sababu ya ugonjwa wa korona, kwa wengi ndilo lililogeuka kuwa ofisi, ukumbi na mlango wa mwalimu kwa wakati mmoja. Vyuo vilifunguliwa baadaye. Gumzo halikurudi lilikotoka. Dai linalotolewa hapa ni kwamba kimya ndani ya gumzo hili ni sehemu ya matini, na kwamba maana yake huvurugika kwa sababu pande mbili zinazozungumza hutumia tanzu mbili tofauti bila kutambua. Mmoja anabisha hodi. Mwingine anasoma barua.

Huenda pakazuka swali kama matini ya aina hii ni kazi ya mhakiki wa fasihi au ni ya mwanaisimujamii. Swali hilo si geni katika sehemu hii ya dunia. Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipopendekeza mnamo Oktoba 1968 kwamba Idara ya Kiingereza katika chuo cha Nairobi ivunjwe, na fasihi simulizi ipewe nafasi katika kiini cha masomo, walikuwa wakiuliza swali lilo hilo kuhusu ngano na vitendawili. Haidaiwi hapa kwamba ujumbe wa simu ni fasihi. Linalodaiwa ni dogo zaidi: zana ambazo mhakiki wa Kiswahili amezipata kwa kusoma kujibizana, kutegeana vitendawili na kusalimiana zinaona jambo ambalo zana nyingine zimelipita.

Muda uliopotea na muda uliohifadhiwa

Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, alijibizana kwa mashairi na watu wa Lamu katika zama za uhasama wa miji hiyo miwili, uhasama ambao kilele chake kilikuwa vita vya Shela katika mwongo wa 1810. Mashairi hayo yamemfikia msomaji wa leo kwa juhudi za W. E. Taylor na Mwalimu Sikujua waliyoyakusanya, za William Hichens aliyehariri Diwani ya Muyaka mwaka wa 1940, na za Mohamed Abdulaziz aliyeyachunguza kwa kina katika kitabu chake cha 1979. Ann Biersteker naye alilifanya neno kujibizana kuwa jina la kitabu chake cha 1996, na kulihusisha na suala la lugha na mamlaka.

Mhakiki ana deni kubwa kwa wataalamu hao. Hata hivyo, kuna kitu ambacho hapana mhariri angeweza kukiokoa. Katika kitabu, shairi na jibu lake hutenganishwa na nafasi tupu ya mstari mmoja. Muda uliopita baina yao umefutwa. Je, jibu lilirudi na chombo cha kwanza kilichong'oa nanga, au lilikaa hadi kaskazi ikaisha na kusi ikaanza kuvuma? Mshairi aliyejibu siku ile ile kwa hasira na yule aliyengoja hadi mji mzima ukaanza kuuliza jibu liko wapi hawajafanya kitendo kimoja, hata kama maneno yao yangekuwa yale yale. Wa kwanza amekiri kuwa ameumia. Wa pili amemfanya mpinzani wake aonje kutojibiwa kabla ya kumjibu. Tofauti hiyo haimo katika vina wala katika mizani, na haimo katika diwani.

Gumzo la simu, kwa upande wake, limempa mhakiki kile alichokikosa kwa Muyaka. Kila mstari umeandikwa saa na dakika yake. Ni ajabu basi kwamba mtafiti anapolihamisha gumzo hadi kwenye kiambatisho cha tasnifu, safu ya saa ndiyo huwa rahisi kuifuta, ati ili matini yawe safi na ukurasa usijae tarakimu. Huko ni kulifanyia gumzo kile ambacho bahari na miaka mia moja ziliyafanyia mashairi ya Mombasa.

Inafaa ieleweke, lakini, kwamba saa hiyo nayo haisemi yote. Angela Garcia na Jennifer Jacobs, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka wa 1999, waliwarekodi kwa video wanafunzi wa chuo waliokuwa wakizungumza kwa kompyuta katika somo la uandishi, wakatazama yaliyokuwa yakitendeka kwenye skrini ya kila mmoja. Walionyesha kuwa nakala ya mazungumzo haimwambii msomaji kile mwandishi alichokuwa akikifanya wakati wa kuandika: maneno aliyoyaanza akayafuta, jibu alilolibadilisha baada ya ujumbe wa mwenzake kutokea ghafla. Ndiyo maana waliyaita mazungumzo hayo nusu ya papo kwa papo. Kuandika na kutuma ni matendo mawili, na saa huandikwa kwenye la pili tu.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Programu ya Talkomatic, iliyoundwa mwaka wa 1973 katika mfumo wa PLATO wa Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, ilionyesha kila herufi kadiri ilivyopigwa. Msomaji aliona mwenzake akisita, akikosea, akifuta. Mfumo wa IRC ulioanzishwa Finland mwaka wa 1988 ulituma mstari mzima baada ya kukamilika, na huo ndio mtindo uliorithiwa na simu za leo. Kwa uamuzi huo wa kiufundi kusita kukafichwa. Kisha programu za baadaye zikakirudisha kivuli chake kwa kuandika juu ya skrini kwamba fulani anaandika. Mwanafunzi huliona neno hilo likitokea, likatoweka, likatokea tena, na mwishowe pasije ujumbe wowote. Ameonyeshwa kwamba msimamizi alikuwa na neno na hakulisema. Nje ya jukwaa la tamthilia, ni nadra kupata kimya kilichotangazwa hivyo.

Mfano na usomaji wake

Uchukuliwe mfano ufuatao, uliobuniwa kwa madhumuni ya makala haya kwa kufuata mkondo wa kawaida wa magumzo ya aina hii.

Mwanafunzi (20:14): Shikamoo mwalimu.
Mwanafunzi (20:31): Habari za jioni.
Msimamizi (06:52): Marahaba. Njema.
Mwanafunzi (06:52): Namshukuru Mungu. Samahani kwa usumbufu mwalimu.
Mwanafunzi (06:53): Nilikuwa naulizia ile sura ya pili
Mwanafunzi (06:53): kama umepata nafasi ya kuipitia
Mwanafunzi (06:55): na kama niendelee na ya tatu au ningoje
Msimamizi (13:40): Endelea.

Saa zikifutwa, yanabaki mazungumzo mafupi yenye adabu, ambayo mhakiki angeyapita bila kusimama. Zikirudishwa, kuna kisa. Salamu moja imechukua zaidi ya saa kumi kukamilika. Mwanafunzi amejibu katika dakika ile ile aliyojibiwa, saa moja kasorobo asubuhi na ushei. Alikuwa macho na simu ilikuwa mkononi. Baada ya hapo ameikata sentensi moja vipande vitatu, na kabla ya kipande cha mwisho amesita kwa dakika mbili, maana hicho ndicho kilichobeba swali lenyewe. Kisha karibu saa saba za kimya, na neno moja.

Neno hilo ndilo gumu. Kwa mujibu wa mpangilio wa mistari, "Endelea" ni jibu la swali lililo karibu nalo: aendelee na sura ya tatu. Iwapo ni hivyo, sura ya pili imepita au haijasomwa? Kuna uwezekano mwingine, ambao sikio la Kiswahili hulisikia haraka. Katika mazungumzo ya ana kwa ana "endelea" ni neno la msikilizaji anayempa mwenzake ruhusa ya kusema zaidi: nakusikia, maliza. Kwa kuwa ujumbe wa mwanafunzi ulikatwa vipande visivyo na nukta, msimamizi aliyefungua simu mchana akauona mwisho wake tu angeweza kabisa kudhani kuwa sentensi haijaisha. Mwanafunzi akianza sura ya tatu kwa neno hilo, na miezi miwili baadaye sura ya pili ikarudi na agizo la kubadilisha kiunzi cha nadharia, hapatakuwa na mtu aliyesema uongo. Patakuwa na kurasa arobaini za kutupwa, na karo ya muhula mwingine.

Susan Herring, katika makala yake ya 1999 kuhusu mshikamano wa mazungumzo ya kompyuta, alieleza jinsi swali na jibu lake zinavyotenganishwa na ujumbe mwingine ulioingia kati, na jinsi watumiaji wanavyobuni njia za kufidia hali hiyo. Uchambuzi wake ni wa thamani. Hata hivyo unahusu zaidi umbali wa mistari kuliko umbali wa saa, na katika mfano huu mistari haikuvurugika hata kidogo. Kilichovurugika ni pumzi.

Ukataji wa sentensi nao si uzembe wa uandishi. Mwanafunzi anayetuma kipande kwa kipande anaishikilia zamu yake: kila kipande ni kama kikohozi cha kuonyesha kuwa bado yupo mlangoni. Aidha, anajaribu kupima mwitiko, kama afanyavyo fanani anayesitisha ngano ili asikie hadhira ikiitikia. Tofauti ni kwamba fanani akikosa itikio hujua papo hapo na hubadili mwendo. Mwanafunzi husonga mbele gizani.

Anayebisha na anayesoma

Katika makala mashuhuri ya 1974, Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson walieleza mfumo wa kupokezana zamu katika mazungumzo: mmoja husema kwa wakati, na mpito kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine hutokea bila pengo kubwa wala mwingiliano mkubwa. Baadaye, mwaka wa 1989, Jefferson alipendekeza kwamba kimya cha kama sekunde moja ndicho kikomo ambacho wazungumzaji wa Kiingereza aliowachunguza hukivumilia kabla ya mmoja kutafuta la kusema. Mwaka wa 2009, Tanya Stivers na wenzake walilinganisha maswali na majibu katika lugha kumi, kutoka Kijapani na Kidenishi hadi ≠Ākhoe Hai||om ya Namibia, wakapata kwamba wastani wa jumla wa pengo kabla ya jibu ni takriban sehemu mbili za kumi za sekunde. Kiswahili hakikuwa miongoni mwa lugha hizo. Yeyote aliyewahi kuketi barazani Lamu au Mombasa atashuku, lakini, kwamba salamu za Kiswahili zina mwendo wake: husukumana kwa kasi, jibu likiingia kabla swali halijatua, habari ya nyumbani juu ya habari ya kazi, hadi wote wawili watulie na neno la haja lipate nafasi.

Mwendo huo ndio mwanafunzi anaouhamishia kwenye simu. Anatuma shikamoo peke yake, anangoja marahaba, kisha ndipo aseme haja yake. Kwa adabu aliyofunzwa, kuitupa haja mbele ya mtu mzima kabla salamu haijapokelewa ni utovu wa heshima. (Katika bara ya Kenya shikamoo haina mizizi iliyo nayo pwani au Tanzania, lakini katika idara za Kiswahili imekuwa sare ya somo, mwanafunzi anayesema "sasa" na wenzake huivaa anapomkabili mwalimu.) Huku ndiko kubisha hodi. Hodi haisemi lolote isipokuwa kwamba kuna mtu nje, na inadai jibu sasa hivi, maana mbishaji amesimama juani.

Msimamizi anapoiona "Shikamoo mwalimu" ikitokea juu ya skrini yake saa mbili na robo usiku, anaiona kama mtu aonavyo bahasha. Ndani yake hamna kitu cha kujibu. Anaiweka kando hadi atakapopata nafasi, kama barua yoyote isiyo ya dharura. Hana ubaya. Ila barua, katika mapokeo ya Kiswahili, haikuandikwa hivyo kamwe. Waandishi wa barua wa pwani, walioandika kwa hati za Kiarabu, walijua kuwa jibu haliko karibu. Kwa hiyo walizimaliza salamu zote mwanzoni, wakamwombea mpokeaji afya na wakawasalimu jamaa zake, kisha wakavuka kwa "ama baadu" hadi kwenye jambo lenyewe, ndani ya karatasi ile ile. Barua ilikuwa imejitosheleza: ilijisalimia, ikajiitikia na ikasema. Gumzo la simu limechukua umbali wa barua na ukaribu wa hodi bila kuchukua kanuni za upande wowote. Mwanafunzi anangoja aitikiwe ili aseme. Msimamizi anangoja asikie jambo ili aitike. Kila mmoja yuko sahihi kwa utanzu wake, na usiku unapita.

Hodi, zaidi ya hayo, ina kikomo. Desturi ya pwani, inayoafikiana na adabu ya Kiislamu ya kuomba idhini, ni kubisha mara tatu. Usipoitikiwa, unarudi ulikotoka bila kinyongo, na mwenye nyumba halaumiwi. Kanuni hiyo ilimlinda mbishaji dhidi ya fedheha na mwenye nyumba dhidi ya kero. Katika gumzo hakuna ajuaye kikomo. "Habari za jioni" ya saa 20:31 ni hodi ya pili, na tayari imejaa woga. Je, ya tatu itumwe baada ya siku moja au baada ya wiki? Kuna wanaokaa mwezi mzima wakilitafakari swali hilo badala ya kuitafakari tasnifu.

Kimya ni cha nani?

Judith Irvine, katika uchunguzi wake wa 1974 kuhusu salamu za Wawolof wa Senegali, alionyesha kwamba anayeanza kusalimu anajiweka, kwa tendo hilo lenyewe, katika nafasi ya chini. Salamu huko ni mchezo wa vyeo kabla ya kuwa mazungumzo. Shikamoo haihitaji uchunguzi wa aina hiyo ili ieleweke. Inapaswa kutoka chini kwenda juu, na marahaba hutoka juu kwenda chini. Lakini kuna jambo ambalo gumzo limeliongeza. Ana kwa ana, aliye juu hana uwezo wa kuichelewesha marahaba. Asipoitamka ndani ya sekunde chache, waliopo watamshangaa. Adabu iliwafunga wote wawili. Simu imemfungulia mmoja tu. Sasa muda baina ya shikamoo na marahaba uko mikononi mwa aliye juu, naye anaweza kuufanya dakika moja au siku tisa, bila shahidi.

Hapo ndipo urefu ule ule wa kimya unapopata maana mbili. Msimamizi akinyamaza siku tatu, yuko kazini. Mwanafunzi akinyamaza siku tatu baada ya kuulizwa jambo, amepotea, au hana ari ya masomo. Yamkini ukweli wa pili ni mwepesi zaidi kuliko unavyodhaniwa: bando lake limeisha. Mwanafunzi mwingi wa Kenya hununua intaneti kwa vipande vya saa moja au siku moja, na gumzo lake linapaswa kutoshea katika kipande alichokinunua. Anapotuma ujumbe sita ndani ya dakika mbili, si lazima iwe pupa. Muda wake unalipiwa, wa msimamizi haulipiwi kwa namna hiyo, na tofauti hiyo imo ndani ya mahadhi ya matini kama vile umbo la ngoma lilivyomo ndani ya mlio wake.

Keith Basso, aliyeandika mwaka wa 1970 kuhusu Waapache wa magharibi huko Arizona, aliona kwamba watu hao hunyamaza hasa pale ambapo uhusiano baina yao haujulikani umesimamaje. Kimya kwao ni njia ya kungoja hadi hali ibainike. Hoja hii yafaa kuelekezwa kwa msimamizi pia. Si kila anayechelewa anadharau. Kuna sura inayohitaji kukataliwa na msimamizi hajapata maneno ya kuikataa bila kumvunja moyo aliyeiandika. Kimya chake cha wiki mbili ni huruma isiyojua pa kutokea. Tatizo ni kwamba huruma hiyo hufika kwa mwanafunzi ikiwa na sura ya dharau, na alama mbili za buluu ambazo WhatsApp ilizianzisha Novemba 2014 zimeifanya sura hiyo kuwa ngumu zaidi kukanushwa. Kabla ya alama hizo asiyejibu aliweza kuwa hajaona. Tangu zilipoletwa, aliyeziacha zifanye kazi ameona na amenyamaza.

Lipo pia suala la saa yenyewe, ambalo ni dogo lakini lina madhara. Simu huandika 20:14, naye mwandishi anafikiri saa mbili na dakika kumi na nne usiku. Msimamizi akiandika "Tuzungumze kesho saa 3", tarakimu hiyo inaweza kusomwa kuwa asubuhi kwa hesabu ya Kiswahili au alasiri kwa hesabu ya simu, na kuna miadi iliyokufa hivyo. Ana kwa ana neno "tatu" lingetamkwa, na lugha iliyotamkwa ingetosha kufafanua hesabu iliyokusudiwa.

Haraka nayo

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba dawa ni kujibu upesi. Sivyo. Mwanafunzi anayetuma sura ya kurasa arobaini saa 10:02 na kupokea "Kazi nzuri" saa 10:04 hajasifiwa. Anajua kuwa hajasomwa, na anajua kwa ushahidi wa saa, si wa maneno. Kuna ucheleweshaji ambao ndio uthibitisho pekee wa kusoma. Mahadhi ya jibu hupimwa kwa uzito wa lililoulizwa: marahaba iliyokuja baada ya saa kumi imechelewa, maoni juu ya sura yaliyokuja baada ya siku kumi hayajachelewa, na yote mawili yamo ndani ya gumzo moja, kwenye skrini moja, yakipimwa na jicho lile lile lenye wasiwasi.

Utanzu wa Kiswahili ulioijua vyema tofauti hii ni kitendawili. Mtegaji hupaza sauti, hadhira huitikia "tega" mara moja, bila kufikiri. Hapo kuchelewa ni kuharibu mchezo. Fumbo likishategwa, mwendo hubadilika. Sasa kimya kinaruhusiwa, kinatakiwa hata, na anayeropoka jibu kabla wenzake hawajawaza huonekana kuwa na pupa. Kimya hicho kikirefuka mno, kuna njia iliyokubaliwa ya kukitoa: mtegaji hudai apewe mji, hupewa, hujigamba aliyoyaona huko, kisha hufumbua. Hakuna anayebaki akining'inia. Mji ni faini ya kutojua, lakini pia ni ngazi ya kushukia kwa heshima.

Gumzo la mwanafunzi na msimamizi halina mji. Halina neno ambalo msimamizi asiye na jibu anaweza kulisema ili kimya kikome bila kukiri kosa, wala neno ambalo mwanafunzi anaweza kulidai. "Nimeipata, nitarudi kwako baada ya wiki mbili" lingeweza kuwa neno hilo, na kuna wasimamizi wanaolitumia. Lakini bado ni tabia ya mtu mmoja mmoja, halijawa fomula. Fomula huitikiwa hata na asiye na hisani. Hiyo ndiyo nguvu ya "tega".

Katika miaka ya hivi karibuni sauti ya tatu imeingia katika uwanja huu. Chuo Kikuu cha Georgia State, Atlanta, kilianza mwaka wa 2016 kutumia mfumo wa kompyuta kuwajibu wanafunzi wapya maswali ya usajili na karo kwa ujumbe wa simu, saa yoyote ya usiku. Mashine haina sababu ya kuchelewa. Hata hivyo, watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Ulrich Gnewuch walichapisha mwaka wa 2018 jaribio lililoonyesha kuwa watumiaji waliridhika zaidi, na kuhisi zaidi kuwa wanazungumza na kiumbe, pale mashine ilipocheleweshwa kidogo kwa makusudi, urefu wa kuchelewa ukilingana na urefu na ugumu wa jibu. Wahandisi hao wameligundua pumziko la ukwapi na utao. Wameliweka mahali ambapo hakuna anayevuta pumzi.

Kwa mhakiki tokeo hilo ni zito. Mwanafunzi aliyezoea kusoma kimya kama ishara ya kuwa anafikiriwa sasa atakikuta kimya kile kile kikitolewa na kitu kisichomfikiria, na neno "anaandika" likiwaka pasipo mwandishi. Katika nakala ya mazungumzo pengo litakuwa lile lile: sekunde sita, kisha jibu. Mwanafunzi wa saa 06:52, aliyekesha akiingoja marahaba, angeipata kutoka kwa mashine usiku ule ule kabla hajaiweka simu chini. Na bado angekuwa hajaitikiwa.